Mashine Haikufa, Tuliiua

Lipo neno moja ambalo limenichosha masikio, nalo ni "imekufa." Ukifika kijijini ukauliza mbona kina mama wanachota maji dimbwini ilhali pampu imesimama pale pale, utajibiwa: "Imekufa." Ukimwuliza mkulima mbona bustani yake imekauka na mto uko hatua mia mbili tu, atakujibu: "Mashine imekufa, Mwalimu." Neno hilo husemwa kwa sauti ya chini, kama lisemwavyo msibani. Muulizaji naye hutikisa kichwa, hutoa pole, kisha mazungumzo huhamia mambo mengine. Hakuna anayeuliza iliugua nini, nani aliiuguza, wala dawa ilikosekana wapi.

Mimi nalikataa neno hilo. Binadamu ana siku yake aliyoandikiwa, mashine haina. Mashine huchakaa, na hilo sibishi, lakini kuchakaa ni safari ndefu, na mashine nyingi nilizoambiwa zimekufa zilikuwa bado hazijafika hata nusu ya safari hiyo. Ziliuawa. Wauaji wake tunawajua kwa majina, kwa kuwa ni sisi wenyewe. Na nisemapo "sisi" sijifichi nyuma ya wengi. Mimi nilishiriki kuiua pampu moja, na ushahidi upo hadi leo kwa mwandiko wa mkono wangu.

Ilikuwa mwaka 1994. Tulikuwa wakulima 22 katika bonde la mto Ruvu, upande wa Bagamoyo, tukilima nyanya, bamia, mchicha na pilipili hoho za kupeleka sokoni Dar es Salaam. Tulimwagilia kwa ndoo. Anayejua kazi ya ndoo hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hataelewa hata nikijaza ukurasa. Mwezi Juni wafadhili wakatuletea pampu ya petroli, ya mpira wa inchi tatu, mpya, rangi yake nyekundu iking'aa kama pilipili iliyoiva.

Siku ya kuipokea tulichinja mbuzi wawili. Palikuwa na pilau, ngoma, utepe na mkasi juu ya kitambaa cheupe. Mgeni rasmi akavuta kamba, injini ikanguruma, maji yakaruka, watoto wakapiga kelele. Mimi, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kikundi, ndiye niliyesoma risala. Ilikuwa na kurasa nne. Juzi nimeisoma tena. Mna shukrani, mna ahadi, mna maombi ya zahanati na barabara. Neno "oili" halimo.

Tulikuwa na kijana mmoja aliyechaguliwa kuitunza mashine. Sisi sote tulimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alipelekwa mafunzo ya siku kumi, akarudi na spana tatu, kopo la grisi na daftari la mistari. Katika daftari hilo aliandika kila siku saa aliyowasha na saa aliyozima. Wengine walimcheka kwamba anaiandikia mashine barua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, lakini methali hii tumezoea kuitumia kwa fedha tu, hatuitumii kwa chuma.

Pampu ilipotimiza saa 20 za kazi, Fundi alikuja mbele ya kamati. Alisema, "Shikamooni wazee. Oili ya kwanza imefika wakati wa kumwagwa. Naomba fedha ya oili mpya." Mwenyekiti alimtazama kwa huruma ya mzazi, akamwambia, "Mwanangu, mashine ni mpya kabisa. Unataka kumwaga oili ambayo hata haijachakaa?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Laiti tungemwacha aeleze! Injini ikiwa mpya, vyuma vyake vinasuguana vikizoeana, na katika kusuguana huko hutoa vumbi jembamba la chuma. Vumbi hilo huingia katika oili. Injini nyingi ndogo za namna ile hazina chujio la oili kama la gari, kwa hiyo vumbi linabaki humo humo likizunguka na kusaga kile ambacho oili iliwekwa ikilinde. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, na baada ya hapo hubadilishwa kila baada ya saa 100 hivi, au miezi sita, kutegemea kipi kitangulie. Na ni oili kiasi gani? Injini ya ukubwa ule hunywa kama nusu lita na kidogo. Haijazi chupa ya lita moja. Tuliowalisha watu mbuzi wawili tukashindwa kuinywesha mashine chupa ya oili.

Nilichoandika siku ile ni hiki: "Ombi la fundi kuhusu oili limeahirishwa hadi fedha zitakapopatikana." Mwezi uliofuata niliandika vivyo hivyo. Mara ya tatu niliandika: "Fundi ameshauriwa asiisumbue kamati kwa mambo madogo madogo." Katika kikao hicho hicho, kipengele kinachofuata, tulipitisha kreti mbili za soda kwa ajili ya wageni waliokuwa wakija kuitazama pampu.

Mambo madogo madogo! Sijui dhambi kubwa kuliko hii ambayo sisi watu wa kamati huitenda tukiwa tumekaa. Pampu nzima ni mambo madogo madogo. Iangalie vizuri nawe utaona.

Wengi tunaamini kwamba pampu huvuta maji kwa nguvu zake. Sivyo. Hewa inayotuzunguka ina uzito, na uzito huo ndio unaoyasukuma maji ya mto yapande kwenye mpira; pampu kazi yake ni kuitoa hewa iliyomo ndani ili maji yapate nafasi. Uzito wa hewa una kikomo. Pwani, hata pampu ingekuwa kamili kiasi gani, maji hayatapanda kwa njia hiyo zaidi ya mita kumi hivi, na katika kazi zetu za kila siku ni mita saba au nane. Sasa toboa tundu la sindano kwenye mpira wa kunyonya, au legeza bangili ya mpira kidogo tu. Hewa itaingia pale, na maji yatabaki mtoni. Asiyejua atadhani injini haina nguvu. Ataongeza moto, injini italia, na pampu itazunguka kavu. Ndani yake kuna sili inayozuia maji yasivuje pale mhimili unapopita, na sili hiyo hupozwa na maji hayo hayo. Bila maji inaungua kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo tundu la sindano linaua mashine nzima, na dawa yake ilikuwa kukaza bangili na kuijaza pampu maji kabla ya kuwasha.

Au litazame chujio linalokaa mwisho wa mpira, mtoni. Mto Ruvu hubeba tope na mchanga. Chujio likilala chini kwenye mchanga, pampu inakula mchanga, na feni ya ndani inalika kama jino bovu. Fundi alilifunga chujio ndani ya kikapu cha ukindu, akakining'iniza kwenye mti aliousimika ili kisiguse chini. Kikapu hicho hakikuwa na bei. Siku alipokuwa hayupo, mtu akakichukua kubebea nyanya.

Hata hivyo, kazi haikuiua pampu yetu. Ilidunda msimu mzima kwa sababu Fundi alinunua oili kwa fedha yake mwenyewe, jambo ambalo tulilijua tukalinyamazia. Mapumziko ndiyo yaliyoiua. Hili nataka msomaji alishike, kwa sababu ni kinyume cha tunavyofikiri. Tunadhani chombo huharibika kikifanya kazi, na kikilala kinapumzika. Chombo kilicholazwa vibaya huharibika upesi kuliko kinachofanya kazi, kwa kuwa hakuna anayekitazama.

Masika ya mwaka 1995 yalipokaribia, Fundi aliitwa Morogoro, mama yake akiwa mgonjwa sana. Kabla ya kuondoka alinijia nyumbani usiku, akaniamkia, akanipa karatasi. Alisema, "Mwalimu, mvua zikianza kabla sijarudi, mashine isiwekwe ghalani mpaka mambo haya yafanyike. Nimeyaandika kwa mpango. Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza." Karatasi hiyo ninayo. Nitaieleza yaliyomo, maana inafaa kuliko risala zangu zote.

Kwanza alitaka pampu ipitishwe maji safi ili isafishe tope la mto. Kisha ile nati ya chini ya tumbo la pampu ifunguliwe, maji yote yatoke, kwa sababu maji yakibaki huleta kutu, na tope lililobaki hukauka likashikamana na feni kama saruji. Tatu, petroli imwagwe tangini na kwenye kabureta pia. Petroli si kama mafuta ya taa. Ikikaa miezi kadhaa, sehemu yake nyepesi hupaa, na inayobaki huwa nzito na yenye kunata, mithili ya ulimbo wa kunasia ndege. Vijitundu vya kabureta ni vyembamba mno. Ulimbo ukiingia humo, utavuta kamba ya kuwashia mpaka bega lichoke.

Nne, oili chafu imwagwe, iwekwe safi, kwa kuwa oili chafu ina asidi inayokula vyuma hata vikiwa vimelala. Tano, plagi ifunguliwe, kijiko kimoja cha oili safi kitiwe kwenye tundu lake, kamba ivutwe polepole mara mbili tatu ili oili ienee, kisha plagi irudishwe. Sita, kamba ivutwe taratibu mpaka iwe nzito, hapo hapo iachwe. Valvu zote zinakuwa zimefunga na unyevu haupati mlango. Saba, mashine ifutwe, vyuma vilivyo wazi vipakwe grisi kidogo, iinuliwe juu ya mbao, ifunikwe kwa gunia linalopitisha hewa, si kwa nailoni inayohifadhi jasho. Nane, mipira izungushwe kwa duara kubwa bila kukunjwa, itundikwe kivulini mbali na panya. Na chini kabisa alipigia mstari: "Isiwekwe pamoja na mbolea." Mbolea ya chumvichumvi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ukigusa chuma hukitafuna.

Kazi yote hiyo ni ya asubuhi moja. Gharama yake ni oili ile ile ya chupa isiyojaa.

Niliikunja karatasi nikaiweka ndani ya kitabu cha kumbukumbu za vikao. Nilikusudia kuisoma kikaoni. Mvua zikawahi. Mwenyekiti akaagiza vijana waiondoe mashine mtoni kabla mto haujafurika, wakaiweka katika ghala lake, petroli ikiwa tangini, maji yakiwa tumboni, juu ya sakafu, ubavuni mwa mifuko ya mbolea. Niliiona pale. Nikaikumbuka karatasi. Nikasema moyoni: kesho.

Tulikuja kuitoa mwishoni mwa Juni, miche ya nyanya ikiwa tayari kuhamishwa. Kamba ikakataa kuvutika. Vijana wanne wakasaidiana, ikakatika. Fundi wa mjini alipoifungua alituonyesha feni iliyoshikwa na tope na kutu, sili iliyopasuka na kabureta iliyoziba. Bei aliyoitaja ilizidi akiba yote ya kikundi. Tukarudi kwenye ndoo, lakini mashamba yalikuwa yamepanuliwa kwa hesabu ya pampu, na ndoo hazikutosha. Nyanya nyingi ziliungua kabla hazijashika. Mjane mmoja aliyekopa fedha za mbegu aliuza cherehani yake ili alipe deni.

Kikao kikaitishwa. Fundi alikuwa amekwisha rudi baada ya kumzika mama yake. Mtu mmoja akasema labda ameuza vipuri vya asili akaweka vibovu. Mwingine akasema mafunzo yale yalipotea bure. Fundi akanitazama. Hakusema kitu, alinitazama tu, akingoja. Na mimi, mwalimu, mtu wa kusoma na kuandika, mwenye karatasi ile mapajani mwangu ndani ya kitabu, nikainamisha kichwa nikaandika: "Pampu imekufa kutokana na uzembe wa fundi." Akaamriwa alipe. Kabla ya Desemba alikuwa amehama na mkewe, na sikumwona tena.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu sitaki kuonekana kama mtu anayewafundisha wengine akiwa juu ya kilima. Lakini baada ya kukiri, nina haki ya kugomba, nami nagomba.

Nagomba kwanza na wale wasemao kwamba sisi hatuna utamaduni wa kutunza vitu. Usemi huu huanza na wageni, kisha husemwa na wenyeji waliosoma, kwa kicheko, kama kwamba ni sifa. Ni uongo. Nilizaliwa pwani, na mjomba wangu alikuwa nahodha wa dau Bagamoyo. Nilimwona tangu utoto wangu akilipandisha dau mchangani, akilikagua ubao kwa ubao. Mahali penye mwanya walikalafati kwa pamba. Juu walipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyotoka nguoni; chini walipaka deheni ya shahamu na chokaa ili wadudu wa baharini wasiutoboe ubao. Hakungoja dau livuje. Na bibi yangu alihifadhi mbegu ya mahindi juu ya moshi wa jiko, akafuta jembe lake kila jioni kabla ya kulichomeka paani. Je, hawa hawakuwa na utamaduni wa kutunza?

Walikuwa na kitu ambacho kamati yetu haikuwa nacho. Chombo kiliporudi baharini, mapato yaligawanywa mafungu: fungu la mabaharia, fungu la nahodha, na fungu la chombo chenyewe. Nikiwa mtoto nilimwuliza mjomba, "Chombo kina fungu, kwani kinakula?" Akanijibu, "Kinakula pamba, sifa na deheni. Ukikinyima, kitakula watu." Fungu la chombo lilitoka kabla ya mtu yeyote kutia mfukoni. Halikuombwa kikaoni, wala halikuahirishwa hadi fedha zitakapopatikana.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Pampu tuliipokea kama zawadi, na zawadi haina fungu. Tuligawana faida ya nyanya watu 22, kila mtu na chake, nayo iliyotupa nyanya hatukuihesabu.

Nagomba pili na wakubwa, maana tuliyoyafanya bondeni tulijifunza kwao. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 ili kufikia 1991 kila mwananchi apate maji umbali usiozidi mita 400. Lilikuwa lengo tukufu. Umoja wa Mataifa nao ukaifanya miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji safi. Visima vikachimbwa, mabomba yakatandazwa, na maji ya vijijini yakatolewa bure. Lakini maji ya bure yaliyoletwa na mashine si ya bure kwa mashine. Mwaka 1991 ukafika na lengo halikufikiwa. Sera ya mwaka huo ikaanza kuwataka wananchi wachangie, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikatamka kwamba jamii za vijijini zibebe gharama za uendeshaji na matengenezo. Hata hivyo, vituo vya maji vya vijijini vilipokuja kuhesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havitoi maji. Mwaka 2019 sheria mpya ikaunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, pamoja na vyombo vya jamii vya kusimamia huduma. Sheria ni njema. Lakini sheria haikazi bangili ya mpira.

Wakubwa huhesabu vilivyozinduliwa. Kila taarifa ina idadi ya miradi mipya na idadi ya watu watakaonufaika. Ni taarifa ngapi umesikia zikisomwa kwa fahari kwamba pampu fulani imetimiza miaka kumi bila kusimama? Mtu akizindua, picha yake hutoka. Mtu akibadilisha oili, mikono yake huchafuka, na hayo ndiyo malipo yake. Basi tusishangae tukiwa na wazinduzi wengi na mafundi wachache.

Na mtu asiniambie kwamba haiwezekani. Huko Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980 pampu ya mkono iitwayo Afridev ilijaribiwa na kuboreshwa kwa wazo moja rahisi: kwamba atakayeitengeneza ni mwanakijiji, na mara nyingi ni mwanamke anayechota maji hapo. Kwa hiyo iliundwa ili mpira mdogo wa ndani, ambao lazima ulike, uweze kubadilishwa bila kung'oa bomba zima, na kwa spana moja na kifaa kidogo cha kuopolea. Wanawake wakafundishwa, wakafungua, wakafunga. Waliobuni pampu ile walijiuliza mapema itaharibika wapi, na nani atakuwa karibu siku hiyo. Sisi tulijiuliza nani atakata utepe.

Nazijua hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni umaskini: watu hawana fedha ya ugali, watatoa wapi ya oili? Naiheshimu hoja hii, lakini nauliza: mbuzi wawili walitoka wapi? Soda zilitoka wapi? Hatukuwa na fedha nyingi, ni kweli, lakini hata hizo chache tulijua kuzitoa pale palipo na macho ya watu. Tena maskini ndiye asiyeweza kumudu uzembe. Tajiri pampu yake ikiharibika hununua nyingine. Sisi tulirudi kwenye ndoo, na mjane akauza cherehani.

Hoja ya pili husema siku hizi zipo pampu za umeme wa jua, hazina oili wala petroli, kwa hiyo maneno yangu yamepitwa. Nimeziona, nazipenda. Lakini vioo vyake vikifunikwa vumbi na kinyesi cha ndege, nguvu hupungua. Waya zake huguguna panya wale wale. Kisima kikikauka na pampu ikazunguka kavu, itaungua kama ile yetu. Mashine imebadilika, kamati ni ile ile.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo yenye nguvu: "Ikiharibika wataleta nyingine." Huu ndio mwiba wenyewe. Anayengoja nyingine hawezi kuitunza hii. Mtumai cha nduguye hufa maskini, na anayemtumainia mfadhili hufa maskini huku ghalani ana vyuma vyekundu vitatu.

Basi nini kifanyike? Nasema pampu ipewe fungu lake kama dau. Kila debe la nyanya linapouzwa, kila ndoo ya maji inapolipiwa, sehemu ya pampu itoke kwanza, iwekwe mbali na mikono ya wanaopenda wageni, itumike kwa oili, plagi, sili na mipira peke yake. Fundi naye apewe ujira unaojulikana, si asante ya mdomo. Na ombi lake la matengenezo lisipigiwe kura, kama vile tusivyopigia kura dozi ya mgonjwa. Daftari la saa za kazi litundikwe ukutani, kila mwanachama alione. Masika yakikaribia, siku ya kulaza mashine iwe siku ya kikundi kizima, kila mmoja aone nati inavyofunguliwa na maji yanavyotoka, ili fundi akiitwa kwenye msiba wasibaki watu 22 wasiojua kitu. Na kama lazima tuchinje mbuzi, tusimchinje siku ya kuipokea mashine. Tumfuge. Mashine ikifikisha mwaka mmoja ikiwa nzima, tumchinje siku hiyo, na mgeni rasmi awe fundi.

Nimebakiwa na jambo moja. Kitabu kile cha kumbukumbu bado ninacho, kwa kuwa kikundi kilivunjika na hakuna aliyekidai. Mwaka jana nilikifungua kwenye ukurasa ule, nikakata kwa mstari maneno "uzembe wa fundi," nikaandika juu yake "uzembe wa kamati na katibu wake," nikatia sahihi na tarehe. Najua kumbukumbu iliyokwisha idhinishwa hairekebishwi hivyo. Najua pia kwamba wino haumrudishii mtu kijiji chake. Ikiwa Fundi yu hai na kurasa hizi zikamfikia, ajue kwamba karatasi yake ilikuwa sahihi kutoka mstari wa kwanza hadi ule aliopigia mstari, na kwamba mimi niliisoma siku niliyopewa.

Nawe, ndugu msomaji, kama kuna mashine inayokuhusu, iwe ya kikundi, ya shule, ya msikiti, ya kanisa au ya nyumbani kwako, usiiache ilale leo kabla hujaitazama. Uliza oili yake ilibadilishwa lini. Uliza nani ana ufunguo wa mahali ilipolazwa, na imelazwa karibu na nini. Na mtu akikujibu kwamba imekufa, usimpe pole. Mwulize: nani aliiua?